Glavu za kuvulia kwenye boti wakati wa baridi: mwongozo kamili kwa wanaovua Ziwa Erie

Ndugu zangu mlioko Ohio, Michigan, Buffalo, Erie ya Pennsylvania na ng'ambo kule Ontario, msimu wa walleye (yule samaki mla nyama wa maziwa ya huku) wa Novemba ndo huo unakuja, na kila mwaka naona watu wetu wanapanda boti na glavu zilezile za kuendeshea gari au za kuondolea theluji mlangoni, nusu saa baadae mikono iko mfukoni na fimbo kashikiwa na mwenzake. Inaniuma kweli manake ndo wakati samaki wakubwa wanakula vizuri kabla ziwa halijaganda, na mtu anarudi nyumbani anasema uvuvi wa baridi sio wa watu wetu. Ni wa watu wetu kabisa, shida ni mikono tu. Kwahiyo humu naongelea glavu peke yake, buti na jaketi tutaongea siku nyingine.

Shika hili moja kabla ya mengine yote. Kwenye boti kinachomaliza mikono ni maji, kinafuata upepo, baridi yenyewe inakuja ya tatu. Mtu akishaelewa hapo anaacha kuzunguka madukani kutafuta glavu moja nene ya kumaliza kila kitu, manake haipo, na anaanza kujipangia pea tatu nne za bei ya kawaida ambazo kila moja ina kazi yake. Lengo ni mikono mikavu. Mkono mkavu ndani ya glavu nyepesi unapata joto kuliko mkono uliolowa ndani ya glavu nene ya dola mia.

Ujue kwanza unapambana na nini

Erie ndo ziwa lenye kina kidogo kuliko yale mengine manne makubwa, wastani wake ni mita 19 tu, ndo maana linapoa haraka na linachafuka haraka, upepo ukivuma saa chache tu unakuta mawimbi mafupi yaliyosimama yanakurushia maji mpaka kwenye usukani. Mwanzoni mwa Novemba maji yana nyuzi 12 hivi (humu nyuzi zote ni za Selsiasi), mwezi ukiisha yanakaribia nyuzi 5. Wewe uliyekulia Kigoma au Uvira au Kisumu umezoea ziwa ambalo mkono ukilowa hakuna anayejali, maji ya kule yako juu ya nyuzi 20 mwaka mzima. Huku mkono ukilowa ni hesabu nyingine.

Maji yanapitisha joto kama mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Glavu inakupa joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa kwenye nyuzi zake, sasa hewa ikitoka na maji yakaingia, glavu ileile inaanza kukunyonya joto. Ongeza upepo hapo. Nyuzi 5 na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi inasikia kama hasi 1, na kumbuka boti yenyewe inatengeneza upepo, siku tulivu kabisa ukiipeleka kilomita 40 kwa saa mkono wako wa usukani uko kwenye upepo huo huo.

Kitu cha tatu ni mwili wenyewe. Kifua na tumbo vikianza kupoa, mwili unabana mishipa ya mikononi na miguuni ili damu ya moto ibaki katikati, kwahiyo unaweza kuvaa glavu nzuri kuliko zote na vidole vikaganda kwa sababu tu hukuvaa kofia na jaketi lako linapitisha upepo. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi vidole vinaanza kuwa vizito, fundo ulilokuwa unafunga kwa sekunde chache linakushinda, na ikiendelea kushuka hata kugusa husikii tena.

Na hili linatuhusu sisi moja kwa moja, nalisema wazi. Tafiti zilizofanyika kwenye majeshi ya Uingereza na Marekani zimeonyesha wanajeshi wenye asili ya Kiafrika wanapata majeraha ya baridi kwenye vidole kwa kiwango kikubwa zaidi ya wenzao weupe, wakiwa kwenye mazingira yaleyale. Na vipimo vya maabara vimeonyesha vidole vyetu vinapoa zaidi na vinachelewa kurudi kwenye joto. Sio uoga na sio kutozoea. Kwahiyo yule jirani yako mzungu anayevua mikono mitupu na kukwambia hakuna baridi leo, mwache afanye yake, we vaa mapema.

Hatua ya 1: orodhesha kazi za mikono yako

Kaa chini ufikirie safari nzima kuanzia unaposhusha boti mpaka unapoipandisha. Uvuvi wenyewe ni wa aina mbili kubwa hapa Erie wakati huu. Kuna kuburuta chambo bandia nyuma ya boti taratibu kwa ajili ya walleye, hapo mikono inakaa muda mrefu bila kazi halafu ghafla inapata kazi nyingi, unatoa vibao vya pembeni kwenye mshipi (vile vinavyoupeleka mshipi mbali na boti), unavuta samaki, unashika wavu, unanasua ndoana. Na kuna kuvua perch wa njano kwa kudondosha chambo hai wima chini ya boti. Huyu perch usimfikirie kama sangara wa Victoria, ni samaki wa kukaa kiganjani tu, ila ni mtamu sana na ukikuta kundi unashusha na kupandisha bila kupumzika. Uvuvi wa perch ndo unaoua mikono kuliko wote, kwa sababu kila mara unarudisha mkono kwenye ndoo ya visamaki vya chambo, na ile ndoo ina maji ya ziwa yaleyale ya nyuzi 6.

Kisha kuna kazi ambazo watu wanazisahau: kamba ya nanga iliyotoka majini, mnyororo na mikanda ya trela, kifuniko cha tanki, mafuta ya petroli. Petroli iogope. Siku ya baridi kali inabaki kimiminika hata ikiwa na ubaridi uleule wa hewa, na ikimwagika mkononi inavukiza haraka na kuchukua joto la ngozi palepale, watu wameungua kwa baridi kwenye kituo cha mafuta kabla hata hawajafika ziwani.

Ukishaorodhesha hivo utaona mwenyewe kazi zinagawanyika: zinazohitaji vidole (fundo, ndoana, chambo), zinazohitaji nguvu na ukavu (kamba, wavu, usukani), na muda wa kukaa tu unasubiri. Kila kundi lina glavu yake.

Hatua ya 2: pima mkono

Chukua tepe ya fundi nguo, zungusha kwenye kiganja pale vidole vinapoanzia, bila kidole gumba, mkono ule unaoutumia zaidi. Ukipata inchi 8 wewe ni saizi 8, ukipata 9 ni saizi 9, ndo namba zinavofanya kazi kwenye glavu nyingi za kazi. Kama ziko kwa herufi basi 8 kwa kawaida ni M, 9 ni L, 10 ni XL, ila kampuni zinatofautiana soma jedwali lao.

Halafu glavu ya nje nunua saizi moja juu kama utavaa kitu ndani. Glavu inayobana ni mbaya kuliko glavu nyembamba, inakandamiza damu kwenye ncha za vidole na inaondoa ile hewa ambayo ndo joto lenyewe. Kunja ngumi ukiwa umeivaa, kama unasikia inavuta mgongoni mwa vidole rudisha. Glavu ya ndani yenyewe ikae sawasawa na mkono, isiwe na vipande vinavyoning'inia kwenye ncha.

Hatua ya 3: jua vitambaa na mpira

Pamba achana nayo kabisa. Ikilowa imekufa, haikauki siku nzima na haina joto lolote.

Sufu ndo rafiki wa mvuvi. Inashika maji lakini nyuzi zake hazilali chini kama za pamba, ukiikamua inaendelea kutoa joto kidogo. Wavuvi wa Norway, Iceland na Maine miaka mingi walivaa glavu za sufu zilizofumwa kubwa makusudi, zikinywea kwa matumizi zinakuwa nzito na zimeshikana, na walizivaa zikiwa zimelowa kabisa. Za Iceland nyingine zilikuwa na vidole gumba viwili ili upande wa kiganja ukichakaa unageuza unaendelea na kazi. Sikushauri uvae zilizolowa leo wakati mpira upo, nakuonyesha tu kwamba sufu imepita mtihani. Flisi ya poliesta nayo ni nzuri kwa ndani, inakauka haraka kuliko sufu, ila upepo unapita humo kama mlango uko wazi.

Neopreni ni ule mpira wa nguo za wapiga mbizi. Ya milimita 2 unaweza kufanyia kazi ndogondogo, ya milimita 3 ina joto zaidi na vidole vinaanza kuwa vigumu, ya milimita 5 ni ya kushika usukani na kamba tu. Angalia mishono. Kama unaona matundu ya sindano yanapitisha mwanga, maji yanapita. Zilizogundishwa na kushonwa bila sindano kutoboa mpaka ndani ndo za kununua. Kuna zilizokatwa ncha za kidole gumba na shahada, au zinazokunjwa na kushikwa na velkro, hizo ni nzuri kwa kufungia mafundo, ila pale penye mkato maji yanaingia, kwahiyo zihesabu kama glavu za kulowa zenye joto kidogo, usizihesabu kama za kuzuia maji.

PVC na poliyurethani, yaani zile glavu za wavuvi wa biashara, rangi ya machungwa au ya bluu. Hapa ndo pesa yako iende kwanza. Glavu nzima imechovywa kwenye mpira, haina mshono unaovuja, harufu ya samaki unaosha na maji basi. Showa wanatengeneza nyingi za aina hii, ile 282 ina manyoya ndani na inapumua kidogo na bado vidole vinakunjika, ile 495 ina soksi ya ndani unayoweza kuitoa ukakausha. Wala sina undugu nao, ni kwamba utazikuta kwa urahisi na bei yake iko chini sana ya glavu za michezo zenye picha ya samaki mgongoni. Zile za michezo nyingi zimeandikwa zinazuia maji, na kweli zina utando ndani, shida ni kwamba ngozi ya nje inakunywa maji, inakuwa nzito na baridi, na ule utando ukitobolewa na mwiba mmoja wa perch imeisha.

Ukikuta glavu yenye alama ya EN 511, yaani kipimo cha Ulaya cha glavu za baridi, soma zile namba tatu zilizoko chini ya kile kichoro cha barafu. Ya kwanza ni baridi ya hewa, kutoka 0 mpaka 4. Ya pili ni baridi ya kugusa kitu kama chuma au samaki aliyegandishwa, nayo 0 mpaka 4. Ya tatu ndo tunayoitaka sisi, maji, ikiwa 1 imepita ikiwa 0 haijapita, na X maana yake haikupimwa. Watu wanaangalia namba ya kwanza tu wanafurahi, kumbe ya tatu ina sifuri.

Hatua ya 4: panga seti yako

Hivi ndo ningempangia ndugu yangu anayeanza leo.

Pea ya kwanza, glavu ya mpira isiyovuja yenye manyoya, saizi moja juu, mkono wake ufike katikati ya kiwiko na kifundo. Hii ni ya usukani, nanga, wavu, kuoshea boti na kukaa unasubiri.

Pea ya pili, ya kazi za vidole. Mimi napendelea glavu nyembamba ya sufu isiyo na ncha za vidole, na chini yake glavu nyembamba kama zile za bluu za hospitali, za nitrili, sio za lateksi. Ile nitrili inazuia maji na upepo kwenye ngozi, sufu inaweka joto, na unafunga fundo kabisa unasikia mshipi. Nunua nitrili nene kidogo, zile za mafundi gari, za hospitali zinachanika kwenye meno ya walleye. Ubaya wake ni jasho, baada ya muda ndani kunalowa, kwahiyo nunua boksi zima uwe unabadilisha, ukivua ile ya zamani futa mkono ukauke ndo uvae mpya. Hizohizo nitrili ndo za kuvaa kwenye petroli.

Pea ya tatu ni akiba, kavu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, haiguswi mpaka pea ya kwanza au ya pili imelowa. Iwe ya sufu nzito au ya vidole vyote pamoja. Hii ya vidole vyote pamoja ina joto kuliko yoyote sababu vidole vinagawana joto, na wakati wa kurudi bandarini dhidi ya upepo utanishukuru.

Ya nne ni ya samaki, moja tu ya mkono wa kushoto au ule unaoshikia, yenye kiganja cha mpira wenye mikwaruzo. Walleye ana kifuniko cha shavu chenye ncha kali na meno ya kweli, perch ana miiba mgongoni, na ukitobolewa siku ya baridi husikii, unakuja kugundua jioni kidonda kimevimba. Ukichomwa osha kwa sabuni na maji safi siku hiyohiyo, na kikiwa chekundu kinasambaa nenda hospitali uwaambie umechomwa na samaki. Kama unamrudisha samaki majini basi usimshike na glavu kavu ya kitambaa, inamvua ute wake unaomlinda, mnasue akiwa bado majini kwa koleo au lowesha glavu kwanza.

Hatua ya 5: zijaribu kabla hujaingia majini

Dukani: vaa, okota sarafu kwenye kaunta. Fungua na ufunge kibanio cha chambo, kile kidogo cha waya. Bonyeza simu. Kama muuzaji anakuangalia muache aangalie.

Nyumbani fanya jaribio la ndoo. Weka maji ya baridi na barafu kidogo, vaa glavu ya mpira juu ya karatasi ya kufutia uliyoizungusha kwenye vidole, tumbukiza mpaka karibu na ukingo, kunja na kukunjua vidole dakika tano. Toa uangalie karatasi. Doa lolote la maji lina maana glavu hiyo inarudi dukani, na utalikuta mara nyingi kwenye ncha za vidole na katikati ya gumba na shahada.

Jaribio la mwisho ndo muhimu kuliko yote na ndo watu wanaliruka. Vaa laifu jaketi lako na glavu zako nene kuliko zote, halafu jaribu kufunga vibanio vyote, kuvuta kile kishikio cha kujaza hewa kama ni la kujaza, kuchomeka na kuchomoa kamba ya kuzimia mashine (ile inayofungwa kwa nahodha ili akianguka mashine izime), na kubonyeza kitufe cha redio kwenye chaneli 16, ile ya kuombea msaada. Kitu chochote usichoweza kukifanya ukiwa na glavu nchi kavu hutakiweza ukiwa na mikono iliyoganda. Kishikio kikiwa kidogo kifungie kamba nene yenye kitanzi. Marekani tangu Aprili 2021 sheria ya taifa inataka nahodha wa boti ya chini ya futi 26 aunganishwe na ile kamba ya kuzimia mashine boti ikiwa inakimbia, na New York kuanzia Novemba 1 mpaka Mei 1 kila aliye kwenye boti ya chini ya futi 21 lazima awe amevaa laifu jaketi, kuliweka chini ya kiti hakuhesabiki.

Sababu yake ni hii. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba aliyesomea baridi ya maji kwa miaka mingi anafundisha 1-10-1: ukidumbukia kwenye maji baridi una dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 hivi za mikono na miguu kukutii, na saa 1 hivi kabla hujapoteza fahamu. Zile dakika 10 ni za mikono. Baada ya hapo hata kushika ngazi ya boti huwezi.

Hatua ya 6: namna ya kuzitumia siku yenyewe

Vaa glavu ukiwa bado ndani ya gari lenye joto. Mkono ukishapoa glavu haiwezi kuupasha, kazi ya glavu ni kutunza joto lililopo. Kunywa chai, kula, mwili upate kuni. Sigara inabana mishipa ya vidole na pombe inakufanya usikie joto huku mwili unalipoteza, vyote viwili subiri urudi.

Pete ivue uiache nyumbani. Vidole vinanywea kwenye baridi pete inatoka yenyewe, au inanasa kwenye kamba ya nanga, na la pili ni baya zaidi.

Mkono wa jaketi uingie ndani ya glavu au glavu iingie ndani ya jaketi? Inategemea mikono inakaa wapi. Ukiwa unavua mikono inaelekea chini muda mwingi, maji yanatiririka kutoka bega kuja chini, basi jaketi likae juu ya glavu. Ukiwa unaingiza mkono majini, unavuta kamba au unainua wavu juu, geuza, glavu ndefu ikae juu ya jaketi. Na kifundo cha mkono kivalishe kitu, hata soksi ya sufu iliyokatwa, mishipa iko karibu na ngozi pale na upepo unaijua njia.

Sasa ndoo ya chambo. Usitie mkono. Tumia kikapu kidogo cha wavu, chota visamaki vitatu vinne, vimwage kwenye kibakuli kikavu au sponji iliyolowa kidogo mezani, halafu chukua kimoja kimoja kwa vidole vyenye nitrili. Shika kisamaki nyuma ya kichwa, pitisha ndoana, shusha, futa vidole kwenye taulo, rudisha mkono kwenye glavu kubwa au mfukoni. Ukizoea mzunguko huu mkono unaguswa na maji kidogo sana, na nakwambia hii peke yake ina thamani kuliko kubadilisha glavu ya dola 20 kwa ya dola 80.

Mengine ya kupunguza kazi ya vidole: funga mafundo yote nyumbani jioni, mwisho wa mshipi weka kibanio ili kubadilisha chambo iwe ni kufungua na kufunga tu. Koleo ya mdomo mrefu iwe imefungwa kiunoni kwa kamba. Taulo ndogo kavu ziwe kadhaa, moja mfuko wa ndani ya jaketi ambako inapata joto la mwili. Na ukivua glavu usiiweke sakafuni mwa boti, iingize kifuani ndani ya jaketi, ukiirudisha iko na joto.

Vidole vikianza kufa ganzi, usingoje. Simama mahali salama, shikilia boti kwa mkono mmoja, mwingine uzungushe mduara mkubwa kwa nguvu kuanzia begani, damu inasukumwa mpaka kwenye ncha, baada ya dakika moja unasikia vinachoma na hiyo ni dalili nzuri. Au weka mikono kwapani, ngozi kwa ngozi.

Vifuko vya joto na glavu za betri

Vile vifuko vya kutikisa vina unga wa chuma unaopata kutu haraka, na kutu inataka hewa. Ukikiziba ndani ya glavu ya mpira isiyopitisha hewa kinazima, watu wanadhani wameuziwa kibovu. Kiweke mfukoni kwenye jaketi, au mgongoni mwa mkono ndani ya sufu, au juu ya kifundo upande wa ndani. Kisiguse ngozi moja kwa moja, mkono wenye ganzi unaungua bila kusikia. Kifungue robo saa kabla ya kukihitaji.

Glavu za betri ni nzuri kwa mtu mwenye ugonjwa wa Raynaud, yule ambaye vidole vinabadilika rangi na kuuma hata kwa baridi ndogo, huyo hata namshauri aongee na daktari kabla ya msimu. Kwa wengine naona ni gharama kubwa kwa kitu ambacho muda mwingi kitakuwa karibu na maji, na ukiweka moto kiwango cha juu betri inakwisha ndani ya saa chache tu. Kama unazo zivae wakati wa kukimbiza boti, sio wakati wa kushika samaki.

Dalili za kurudi bandarini

Kwenye vitabu vingi wameandika ngozi inakuwa nyeupe au nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri hiyo nyeupe. Angalia rangi ya kucha na kiganja, angalia ngozi inayoonekana kama ina majivu au kijivu, na zaidi ya yote bonyeza: kama kidole kimekuwa kigumu kama nta na kilikuwa kinauma sasa hakiumi, maumivu kuisha ghafla ni habari mbaya. Usikisugue wala usipake theluji. Maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 mpaka 39, mtu mwingine mwenye mkono mzima ndo apime, sio wewe. Na kama bado mko mbali na kuna uwezekano wa kuganda tena, kifunge kikavu usikiyeyushe mpaka mfike, kuyeyuka na kuganda upya kunaharibu zaidi. Halafu hospitali. Mwenzako akianza kutetemeka sana, anaongea maneno yasiyoshikana, anaangusha vitu, hapo glavu sio mada tena, geuza boti.

Kuzitunza

Erie ni maji baridi hayana chumvi, kwahiyo kazi ni nyepesi kuliko kwa mtu anayevua Maine. Osha nje kwa sabuni ya vyombo, ute wa samaki ukikaukia unafanya mpira uteleze. Ndani geuza, kama haigeuki weka gazeti lililokunjwa, badilisha gazeti baada ya saa mbili. Usiweke juu ya hita wala karibu na jiko, mpira unapasuka na sufu inanywea, feni ya kawaida inatosha, na zile mashine za kukaushia buti ndo bora zaidi kama unayo. Neopreni ikianza kunuka loweka kwenye maji yenye siki kidogo, suuza, kausha kivulini.

Rudia jaribio la ndoo na karatasi kila mwanzo wa msimu, Oktoba hivi, wakati maduka bado yana saizi zote. Iliyovuja iteremshe cheo iwe ya petroli na trela, nunua mpya ya ziwani. Na mkiwa na mgeni kwenye boti, hasa hawa wanaotoka nyumbani mwaka huohuo, beba pea ya ziada saizi 10, ataingia na chochote alichonacho na hatasema kama anaumia mpaka mumuulize.